Siku Nilipomwanika Syombua

Mnapokuja hapa kwangu Malili kuniuliza habari za kazi, swali la kwanza huwa ni cheti gani mchukue. Chukueni chochote. Vyeti vyote ni vizuri na vyote vinachacha upesi kama maziwa. Mimi ninavyo vinne kwenye bahasha juu ya kabati, na kimoja kinahusu mashine ambayo siku hizi haitengenezwi tena. Hayo ya vyeti yameisha. Vuteni viti niwaambie ya kazi.

Kazi yangu ilikuwa ya kusimama katikati. Kampuni inayouza programu za kulinda data ina watu wa mauzo, ambao wanatafuta mteja na kuelewana naye bei. Ina pia wahandisi wanaoitengeneza hiyo programu, ambao mteja hatawaona maisha yake yote. Katikati yuko mtu mmoja anayefuatana na muuzaji, anafungua laptopu mbele ya mteja, anaonyesha kitu kinavyofanya kazi, na anajibu maswali magumu kabla mteja hajatia sahihi. Kwa Kiingereza wanamwita mtu wa presales. Mimi nilikuwa huyo. Mama yangu kule Nuu, nilipomwambia ninauza ulinzi wa data iliyo kwenye wingu, alifikiria kidogo akaniuliza kama ni wingu lile lile ambalo wao walikuwa wakilingojea tangu Oktoba.

Wateja wengi walikuwa kama mama. Hawakuwa wajinga, ni neno tu lilikuwa bovu. Siku moja mzee wa chama cha maziwa upande wa Makueni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo data yetu iko kwa kompyuta ya mtu mwingine. Sasa mlango ni wa nani?" Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu kwamba ni kama kukodi duka sokoni. Mwenye soko analinda lango kubwa na taa na ukuta. Kufuli ya duka lako ni yako wewe. Ukienda nyumbani bila kufunga, askari wa langoni hana makosa. Mzee akageukia wenzake akasema, "Basi huyu mama anauza mtu wa kuzunguka akijaribu kufuli." Tangu siku hiyo niliacha picha zangu zote za mishale na nikawa nasema hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Kimeu. Nilipomkuta alikuwa ameanza zamani sana, enzi za kubeba mashine nzima kwenye buti ya gari, uzito wa mbuzi aliyekomaa, unaifunga kwa mteja, unaomba Mungu stima isipotee. Baadaye kila kitu kikawa kwenye intaneti na sisi tukawa tunabeba laptopu tu, lakini Kimeu hakubadilisha tabia. Alifika saa nzima mapema. Alibeba waya zake, projekta yake na modemu mbili za mitandao tofauti. Alimsalimia mtu wa kompyuta wa pale kabla ya kumsalimia mkurugenzi. Na akiulizwa jambo asilolijua, alisema, "Hilo silijui, nitakuletea jibu kesho," na kesho yake jibu lilifika. Nimeona vijana wenye kipaji wakifukuzwa na wateja kwa sababu ya kushindwa kusema hayo maneno machache.

Kitu kimoja alikikazania kuliko vyote. Ukimwonyesha mteja programu, onyesha kwa data ya uongo. Alikuwa ametengeneza hospitali nzima ya uongo, na wagonjwa wake wote walikuwa na majina ya mbuzi wake wa kule nyumbani na tarehe zao za kuzaliwa. Mgonjwa namba moja, beberu, alikuwa na umri wa miaka miwili na shinikizo la damu. Watu walicheka, na wakicheka walielewa. Nilimwuliza kwa nini asitumie data ya mteja mwenyewe, ambayo ingewagusa zaidi. Akasema, "Nduku, hao mbuzi hawawezi kuaibika."

Nilicheka nikaandika kwenye daftari. Lakini kuandika na kuelewa ni mambo mawili.

Sasa niwaambie ya ile hospitali. Ilikuwa hospitali ya kanisa mjini Kitui, ndogo, na jina lake sitalitaja. Muuzaji niliyefanya naye kazi alikuwa Njoroge, aliyekulia hapa hapa Malili ambako wazazi wake walihamia kutoka Murang'a wakafungua duka. Njoroge alikuwa mtu wa watu. Anaingia ofisi asiyoijua, baada ya dakika tano anaulizwa kama amekula. Alikuwa ameifuata hospitali hiyo mwaka mzima na bodi ilikuwa inamjibu neno moja kila mara: sisi ni wadogo, nani atakuja kutuibia?

Hatimaye walikubali jaribio. Mtu wao wa kompyuta, Mwangangi, ambaye pia ndiye aliyetengeneza printa, simu na wakati mwingine jenereta, alitupa ruhusa ya kusoma tu. Yaani programu yetu ingezunguka kwenye data yao ikijaribu kufuli, bila kugusa kitu. Asubuhi ya mkutano wa bodi nilifungua laptopu nikiwa kwenye gari nje ya hospitali, nikaona imepata jambo. Kulikuwa na hifadhi moja ya mafaili mtandaoni iliyoachwa wazi. Fundi fulani aliyewafanyia kazi zamani aliweka humo nakala za rekodi za wagonjwa na hakufunga. Mtu yeyote duniani mwenye anwani ile angeweza kusoma.

Mnaoanza kazi, sikilizeni hapa. Ukiona kitu kama hicho, kuna njia moja tu. Unamtafuta Mwangangi, unafunga mlango, unamwambia yeye peke yake, anafunga hifadhi hapo hapo. Mambo mengine yote yanangoja, na mkutano pia unangoja. Hilo nililijua siku ile kama ninavyolijua leo.

Njoroge aliinama akaangalia skrini yangu. "Madam," akasema, "mwaka mzima wananiambia hakuna kitu ya kuiba. Wacha waione na macho yao."

"Nimwambie Mwangangi kwanza."

"Utamwambia baada. Ni nusu saa tu. Onyesha folda, usifungue. Waone jina la hospitali yao hapo."

Nataka muelewe kwamba hakunilazimisha. Mkutano uliotangulia, mzee mmoja wa bodi alinipa karatasi zake nikampigie kopi, akidhani mimi ni karani wa Njoroge. Nilipiga hizo kopi. Na ile asubuhi nilikuwa na hamu ya kuwaona wote wakinyamaza. Kwa hivyo nikasema sawa.

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa mchungaji, Mchungaji Munyao, mtu mpole. Matroni wa hospitali alikaa karibu na dirisha, Mwangangi nyuma kabisa. Picha ya projekta ilikuwa kubwa, imejaa ukuta mweupe. Nilieleza kufuli na soko. Kisha nikasema, "Na hapa ni kwenu, asubuhi ya leo," nikaonyesha folda.

Walinyamaza kama nilivyotaka. Yule mzee wa kopi akauliza, "Hiyo ni jina tu. Ndani kuna nini?"

Nami nikabonyeza.

Faili likafunguka ukutani. Jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Ilikuwa orodha ya kliniki ya kifafa. Wakati huo huo mlango ulikuwa umefunguliwa na mpishi wa hospitali, Syombua, akaingia na birika la chai na mandazi. Aliangalia ukutani kwa sababu sisi wote tulikuwa tunaangalia ukutani. Jina lake lilikuwa mstari wa nne.

Nilifunga laptopu. Sijui zilipita sekunde ngapi, labda kumi. Kusoma mstari wa nne hakuhitaji kumi. Syombua aliweka birika mezani taratibu, akapanga vikombe, vyote, akatoka. Mwangangi alikuwa anatazama mikono yake. Kisha Mchungaji Munyao akakohoa akasema tuendelee, tukaendelea, na kabla ya chakula cha mchana bodi ilikuwa imekubali kununua. Mwangangi alifunga ile hifadhi kwa dakika nne. Ningemwambia asubuhi, ingekuwa dakika nne zile zile.

Ofisini walinipigia makofi. Nawaambia hili ili mjue kwamba kazi hii inaweza kukupongeza siku ambayo umeifanya vibaya kabisa.

Wiki tatu baadaye nilirudi Kitui kuikabidhi kazi kwa mafundi wa kuwawekea programu. Chai ilipoletwa ililetwa na msichana nisiyemjua. Nilimwuliza Mwangangi Syombua yuko wapi.

"Alitolewa jikoni," akasema. "Bodi ilisema ni kwa usalama wake. Moto, mafuta, maji ya moto. Wakampeleka kufua shuka. Akafanya siku nne, akarudi kwao Mbumbuni."

"Aliwahi kuanguka jikoni?"

"Hapa? Miaka yote hakuna mtu alijua ni mgonjwa."

Njoroge aliniambia nisijibebeshe mzigo, kwamba hifadhi ilikuwa wazi kabla hatujafika na si mimi niliyeiacha wazi. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba katika muda wote ilipokuwa wazi, tunayejua kwa hakika kwamba aliifungua na kuwaonyesha watu majina ni mimi.

Nilimwendea Kimeu. Nilimweleza kila kitu, nikingoja anikumbushe daftari. Hakunikumbusha. Aliuliza tu, "Umemwambia yeye?"

"Nani?"

"Huyo mama. Anajua ni wewe, au anafikiri ni kompyuta?"

Jumamosi nikaenda Mbumbuni. Kumpata hakukuwa kazi, niliulizia sokoni nikaonyeshwa njia. Nilimkuta uani ametandaza turubai ameanika ndengu, anaokota mawe. Tuliongea Kikamba, nawasimulia kwa Kiswahili kama nilivyoyabeba moyoni. Alinitolea kiti, akaendelea kuokota.

Nilimwambia kwamba ile orodha niliifungua mimi, kwa mkono wangu, na kwamba sikupaswa. Nilimwambia kwa nini, hata ile habari ya kopi. Alisikiliza.

"Sijaanguka miaka tisa," akasema. "Dawa nakunywa kila siku, asubuhi na jioni. Mume wangu hakuwa anajua. Alijua kutoka kwa mtu wa kanisa, ambaye alijua kutoka kwa mtu wa bodi. Mama mkwe sasa hataki nimbebe mtoto wa shemeji yangu."

"Pole, dada."

"Pole nimeshapewa nyingi. Mchungaji alinipa pole akinipa barua ya kwenda kufua." Aliokota jiwe akalitupa. "Hao watu wa bodi umewaambia haya umeniambia?"

Nikasema hapana.

"Basi umekuja nyumba ambayo si hiyo. Wewe ulinianika pale, mbele ya wale. Nenda pale pale ukanianue."

Alikuwa anaongea bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. Aliniambia anataka wasikie mambo mawili: kwamba walichosoma hawakuwa na haki ya kukisoma, na kwamba hakuna aliyemwuliza lolote kabla ya kumtoa jikoni. Kazi hakuiomba. Nilipoaga alinifungia ndengu kwenye mfuko wa karatasi, nami nikaona aibu kupokea na aibu kukataa, nikapokea.

Kuomba kurudi mbele ya bodi halikuwa jambo dogo. Mkataba ulikuwa mchanga na kampuni yetu isingefurahi kusikia mtu wake akikiri kosa mbele ya mteja. Njoroge alisema, "Ukisema hiyo maneno, wataturudishia kila kitu na wewe utaenda nyumbani." Nikamwambia huenda. Akasema atanipeleka kwa gari lake, maana yeye ndiye aliyesema "utamwambia baada" na haifai niingie peke yangu. Kimeu naye alikuja. Alikaa nyuma karibu na Mwangangi.

Sikufungua laptopu. Nilisimama nikawaambia kwamba siku ile niliona hifadhi iko wazi asubuhi, kwamba kazi yangu ilikuwa kumwambia Mwangangi wakati ule ule, na kwamba sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka kuwashtua. Nikawaambia Mwangangi hana lawama katika hilo. Nikawaambia orodha ile ilikuwa siri ya wagonjwa na daktari wao, nami niliitoa hadharani, na kwamba kila uamuzi uliofanywa kutokana nayo umejengwa juu ya kosa langu. Mwisho nikasema Syombua hakuulizwa kitu.

Mzee wa kopi akasema, "Lakini mama, usalama ni usalama. Mgonjwa wa kifafa na sufuria ya mafuta?"

Matroni alisogeza kiti chake. "Mimi ndiye nimempa hizo dawa miaka tisa," akasema. "Ninajua lini alianguka mara ya mwisho. Ninajua kama anaweza kukaa jikoni. Mlipokuwa mnaamua nilikuwa wodi ya pili, hatua hamsini kutoka hapa. Hakuna mtu alitembea hizo hatua."

Mchungaji Munyao alivua miwani. Akasema, "Hata mimi sikutembea."

Waliandika barua siku hiyo. Ilimrudisha Syombua jikoni na ilimwomba msamaha, na mwenyekiti aliipeleka mwenyewe hadi Mbumbuni. Mkataba wetu haukuvunjwa, ila kampuni ilinitoa kwa mteja yule, na mwaka uliofuata cheo nilichokuwa nakitegemea kilikwenda kwa mwingine. Sikulalamika. Njoroge alibadilika kwa namna yake: kabla ya kila mkutano alianza kuniuliza, "Mbuzi wako tayari?" Tukaingia na mbuzi wa Kimeu mpaka nilipostaafu.

Syombua hakurudi hospitalini. Aliipokea barua, akaishukuru, akasema ana ndengu za kuvuna. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angemwambia alifanye. Jumapili moja kanisani kwao, wakati wa ushuhuda, alisimama akasema jina la ugonjwa wake mwenyewe. Akasema ni miaka mingapi hajaanguka, dawa anaitoa wapi, na kwamba aliye na swali amwulize yeye, asimwulize mama mkwe wake. Akaketi.

Nilisikia habari hizo kwa Mwangangi, na msimu ulipoisha nikaenda kumwona. Nilimkuta uani, hayuko peke yake. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake watatu, mmoja ametoka mbali na msichana wake wa miaka kama kumi, ambaye hakuwahi kupelekwa shule kwa sababu ya kuanguka. Syombua alikuwa akiwaandikia kwenye karatasi jina la matroni na siku ya kliniki, akiwaeleza wasikubali kurudishwa langoni. Wale wanawake walipokwenda nilimwuliza kama huwa wanakuja wengi.

"Wanakuja," akasema. "Wengine usiku usiku bado, lakini wanakuja."

Nikataka kusema kitu, labda kwamba jambo baya lilikuwa limezaa jema. Nafikiri aliliona likija, kwa sababu alinikatiza kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ulipowaambia watu, mimi nilipoteza kazi," akasema. "Nilipowaambia mimi, walikuja kukaa kwa hiyo benchi. Ni jina lile lile na ugonjwa ule ule. Usije ukachanganya hizo siku mbili."

Sikuzichanganya. Alinimiminia chai, tukanywa, tukaongea habari za mvua.